CPA mbele ya jina, halafu?

Mwenzenu leo nina la moyoni. Juzi kantini jamaa mmoja wa mwaka wa tatu katupa hotuba: akishafaulu mitihani ya Bodi, anataka neno CPA likae mbele ya jina lake, hata kwenye kadi ya harusi. Watu makofi. Mie nikanyamaza na chai yangu, ndo maana nabishana naye hapa.

Hivi fani hii ilianzishwa kwa ajili ya kadi za harusi? Akintola Williams wa Nigeria, anayetajwa kuwa Mwafrika wa kwanza kufuzu ngazi ya juu ya uhasibu Uingereza, alifuzu 1949. Akarudi kwao, akashika kazi ya serikali idara ya kodi, kisha 1952 akaiacha na kufungua ofisi yake Lagos, wakati ukaguzi wa hesabu ulikuwa wa makampuni ya Waingereza. 1960 akawa miongoni mwa walioanzisha chama ili vijana wasomee uhasibu nyumbani. Kafariki 2023 akiwa na miaka 104.

Na kwetu je? Azimio la Arusha la 1967 lilifanya mabenki na makampuni makubwa kuwa mali ya umma. Sasa nani atamkagulia mwananchi mali yake? 1972 ikatungwa sheria ya Bodi ya Wahasibu na Wakaguzi (NBAA), mwaka uleule kikaanzishwa chuo cha IFM. Kenya walisubiri hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Mali ilipata mwenyewe mpya, na mwenyewe akataka hesabu yake. Basi.

Njooni kwetu Wambaa sasa. Mzee anapeleka karafuu ZSTC, anapewa risiti, anaikunja anaitia mfukoni. Miaka ya 2010 serikali ilitangaza kwamba mkulima analipwa asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Nzuri sana. Lakini asilimia 80 ya bei ya siku gani? Dola kwa shilingi ngapi? Gharama zipi zimeshatolewa kabla? Sisemi kuna mtu kala, msinilishe maneno! Nasema hayo ni maswali ya mwaka wa pili tu, na kijiji kizima hakina wa kuyauliza kwa karatasi na kalamu, wakati sisi tuliosomeshwa kwa karafuu hizo hizo tumejazana huku tunapigia makofi herufi tatu.

Wanaonishinda ni kina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa. Sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Pesa inahesabiwa kwa sauti mbele ya wote, na asiyejua kusoma anasikia. Mie nilitumia semista nzima kufundishwa udhibiti wa ndani, teh teh.

Utaniambia Wambaa hakuna ajira ya mhasibu. Kweli, hakuna, wala sikuambii ukaishi kule. Nakuomba siku tatu za likizo, ukae barazani na wazee na risiti zao.

Jamaa wa mwaka wa tatu, boti ya Mkoani unaijua. Nauli ya kurudi juu yangu.