Spika Ukutani, Jirani Nyuma Yake

Katika nyumba za kale za Lamu unene wa ukuta wa mawe ya matumbawe hukaribia nusu mita. Spika ikizamishwa humo kama chombo katika kidaka, uso wake ukalingana na lipu, ukuta hautikisiki, na sauti yote hubaki chumbani. Hata kasoro moja huondoka: spika iliyowekwa mita 1 mbele ya ukuta hutoa mawimbi yanayoupiga ukuta na kurejea yakipingana na yale yanayotoka, na sauti nzito ya takriban mitetemo 86 kwa sekunde hudhoofika.

Sasa ichukue spika hiyo hiyo hadi Kiandutu, kule Thika, ambako vyumba vingi ni vya mabati. Bati ni jembamba; ukilitoboa na kuifunga spika hapo, bati lenyewe hugeuka ngoma. Besi hupenya, na mtoto wa jirani aliyelala upande wa pili hupata mtikisiko ambao mwenye redio hauhisi. Pembeni ni vibaya zaidi, kwani kuta mbili na sakafu huikuza besi kwa pamoja. (Muuzaji hatakwambia haya.)

Kwa chumba kama hicho nashauri kigoda, blanketi lililokunjwa chini ya spika, na nusu mita kutoka kwenye bati. Besi itapungua, naam. Lakini maneno ya darsa au ya taarifa ya habari yatasikika waziwazi hata sauti ikiwa ya chini, na jirani atalala hadi alfajiri.