Elimu na Sumu

Wako watu wasemao kuwa elimu haina lawama: mtaalamu hugundua, mwingine hutumia, na dhambi ni ya mtumiaji peke yake. Maneno haya hupendeza masikioni, lakini nusu yake ni uongo. Historia ya sumu za neva ni shahidi.

Mwezi wa Desemba 1936, Gerhard Schrader, mkemia wa kampuni ya IG Farben ya Ujerumani, alikuwa akitafuta dawa ya wadudu waharibuo mazao. Nia yake ilikuwa njema. Alichopata ni tabun. Tone dogo lililomwagika maabarani likamdhuru yeye na msaidizi wake: mboni za macho zikasinyaa, pumzi ikawa ya taabu. Sumu hiyo hukizuia kimeng'enya kiilegezacho misuli baada ya neva kuiamuru. Misuli hukakamaa, na mtu hufa kwa kukosa pumzi.

Mpaka hapo pana ajali, hapana hatia. Lakini habari ilifikishwa jeshini. Mwaka 1938 sarin ikafuata. Kisha kiwanda kikajengwa Dyhernfurth, kikatoa tani zipatazo 12,000 za tabun. Je, tani 12,000 ni ajali? La hasha! Ni kazi ya wakemia, wahandisi na makarani waliojua walichokifanya, kila mmoja akijidai kuwa kipande chake ni kidogo.

Wengine hujibu kwamba Ujerumani haikuitumia sumu hiyo vitani, basi kuiweka ghalani hakudhuru. Hoja hii ni hafifu. Washindi wa vita waliirithi elimu ile wakaiendeleza, na mwaka 1953 askari kijana wa miaka 20 alikufa Porton Down, Uingereza, katika jaribio la sarin. Mkataba wa Geneva wa 1925 ulikataza kutumia sumu vitani. Haukukataza kuiunda wala kuiweka. Ni kama kumkataza mwizi kuiba na kumwachia funguo. Iraki ilikuwa imeukubali mkataba huo. Hata hivyo, tarehe 16 Machi 1988 ndege zake ziliumwagia sumu mji wa Halabja, wakafa watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto.

Mkataba wa 1993, ulioanza kazi 1997, ndio uliokataza hata kuunda na kuweka. Marekani ilimaliza kuteketeza akiba yake mwaka 2023. Walioiteketeza walihitaji kemia ile ile iliyoiunda. Basi elimu ni moja. Kilichobadilika ni uamuzi wa wenye elimu.

Wanafunzi, baadhi yenu mtakuwa wakemia. Mtakapopewa kazi, ulizeni inakwenda wapi. Mkijua inakwenda kuua wasio na hatia, kataeni mapema, kabla kipande chenu kidogo hakijaungana na vya wenzenu. Asemaye hakujua husamehewa. Aliyeogopa kuuliza asitegemee msamaha huo.