Mnunuzi wa mashua asidanganyike na rangi

Mahindi yakishauzwa, fedha huonekana Handeni na Korogwe, na si zote hurudi shambani. Wapo wafanyabiashara wanaochoka kulipa nauli ya mizigo kwa watu wa pwani, wakachanga mtaji na kununua mashua au jahazi lililokwisha tumika, la kuvusha nafaka na machungwa kutoka Tanga na Pangani kwenda Pemba na Unguja. Wazo si baya. Ubaya uko katika namna ya kununua.

Mtu wa Korogwe anayenunua lori kuukuu huenda na fundi wake, akalala chini ya chasisi, akaliendesha hadi Mombo na kurudi. Mtu huyo huyo akifika pwani huonyeshwa chombo kinachoelea, kimepakwa rangi mpya, naye hukubali bei kabla maji hayajapwa. Mto Pangani unapita Korogwe, ni kweli, lakini maporomoko ya Hale hayapandwi na chombo. Mnunuzi wa bara atakiona chombo chake kwa nadra, na kwa hiyo anamhitaji mkaguzi kuliko mpwani mwenyewe.

Ukaguzi wa kweli huanza chombo kikiwa nchi kavu. Mkaguzi hugonga mbao kwa nyundo ndogo na kusikiliza: mbao nzima hulia, iliyooza hutoa sauti nzito. Huchoma kisu kwenye mkuku na mataruma, hasa yanapotuama maji ya mvua, kwani hayo huozesha upesi kuliko maji ya chumvi. Hung'oa msumari mmoja au miwili aone kutu imekula kiasi gani. Hutafuta minyoo ya bahari, ambayo kwa nje huacha kitundu kidogo tu huku ndani ubao umekuwa mtupu. Kwa boti za faiba hutazama malengelenge na nyufa zilizozibwa. Injini iwashwe ikiwa baridi, si baada ya muuzaji kuipasha moto asubuhi.

Thamani ni hesabu nyingine. Mthamini hulinganisha na vyombo vya aina hiyo vilivyouzwa karibuni, au huchukua gharama ya kuunda kipya, akaondoa uchakavu na matengenezo yanayosubiri. Benki na kampuni ya bima hutaka karatasi hiyo.

Wengine hujibu kwamba cheti cha serikali kinatosha. TASAC, ambayo mwaka 2018 ilichukua kazi za majini zilizokuwa za SUMATRA, hukagua usalama. Cheti kinaruhusu safari, hakitaji bei. Wala hakizuii tamaa: MV Bukoba mwaka 1996 na MV Spice Islander mwaka 2011 vilizama vikiwa vimejaza kupita kiasi. Mwenye hisa aulize pia mzigo hupimwa na nani siku ya safari.

Kwa ngalawa, gharama ya mthamini haina maana; fundi mzee wa kijijini anatosha. Kwa jahazi, mkaguzi alipwe na mnunuzi. Aliyeletwa na dalali hula meza moja na muuzaji. Ripoti ikisema mataruma manne yabadilishwe, mnunuzi ana karatasi ya kushushia bei, na fedha za mahindi bado ziko mfukoni mwake.