Msambao, si Difyusheni

Wapo wataalamu wetu wanaoshikilia kwamba neno "difyusheni" halina mbadala wa Kiswahili katika utafiti wa ubongo kwa MRI. Si kweli. Mbinu hiyo, iliyoasisiwa na Mfaransa Denis Le Bihan miaka ya 1980, hupima jinsi molekuli za maji zinavyosambaa: penye nyuzi za neva hufuata urefu wa nyuzi kuliko kuzikata, mshipa wa damu ukiziba, kusambaa hupungua ndani ya dakika chache. Mkulima wa alizeti hapa Mgori atayaelewa hayo bila mkalimani. Lakini mtafiti akimwomba ridhaa kwa "difyusheni", atapata alama ya dole gumba, ridhaa hatapata. Mimi nasema "msambao" (nao una vina vyepesi). Anayependa "mtawanyiko" alete hoja.