Bahari Bila Daftari



Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu neno hili twalitumia dukani, au pale marehemu anapoacha madeni yasiyoandikwa. Juma hili twalipeleka baharini, kwenye mali ambayo kila nyumba ya pwani imekula matunda yake, lakini ni wachache walioifungulia daftari: nyasi za bahari.

Kwanza tutenge vitu viwili vinavyochanganywa. Mwani hauna mizizi ya kweli wala maua. Hujishikiza tu kwenye jiwe au kamba. Nyasi za bahari ni mimea kamili. Zina mizizi iliyozama mchangani, huchanua maua na kuzaa mbegu chini ya maji. Tafi na pono hulisha humo. Kamba na samaki wachanga hujificha humo hadi wapate nguvu. Kasa na nguva malisho yao ndiyo hayo. Sahani ya tafi wa kupaka tunayotengewa mezani, asili yake ni huko.

Je, mali hii ni kiasi gani? Watafiti waliolinganisha picha za setilaiti za miaka tofauti walichapisha hesabu yao mwaka 2018. Kwa makadirio yao, mwaka 2016 Kenya ilikuwa na takriban kilomita za mraba 317 za nyasi hizi, baada ya kupoteza wastani wa asilimia 0.85 kila mwaka tangu 1986. Tena kasi ya upotevu ilipanda: kutoka asilimia 0.29 kwa mwaka mnamo 2000 hadi asilimia 1.59 mnamo 2016. Miongoni mwa sababu walizozitaja ni uvuvi uliokithiri. Na nani asiyejua juya linavyoparura sakafu ya bahari likikokotwa?

Hesabu hiyo ina faida kubwa, lakini si daftari zima. Setilaiti hutazama kwa mbali. Palipo na tope, kama karibu na mlango wa mto Sabaki, haioni vizuri. Penye kina kirefu vilevile. Na hata inapoona, huona doa la kijani tu, isiweze kutwambia kwa urahisi ni nyasi gani.

Nasi nyasi zetu si za namna moja. Pwani ya Kenya ina aina 12. Kuna zenye majani marefu kama utepe, yanayoweza kupita mita moja. Kuna zenye majani ya mviringo kama uzi wa tambi. Kuna zenye vijani vidogo vya duara dufu, mfano wa ukucha wa kidole. Na kuna zenye vikonyo vigumu kama kijiti, majani yakishonana kileleni. Hizi ndizo zilizoenea zaidi kwetu. Tofauti hizi si za pambo. Zile ndogo huota upesi panapoharibika. Zile za vikonyo vigumu hukawia mno kurudi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kule Diani na Galu, wanyama wa baharini wenye miiba mwili mzima walizidi idadi, wakatafuna nyasi hizo hizo za vikonyo na kuacha viraka vitupu. Anayehesabu kijani bila kujua aina hawezi kujua hasara itadumu muda gani.

Ndiyo maana hapana budi watu washuke kwa miguu. Namna inayotumika sana ni hii: bamvua likikupwa, hunyooshwa kamba ya mita 50, na kila baada ya mita 5 huwekwa fremu ya mraba yenye upande wa sentimita 50. Mpimaji huandika aina zilizomo na kadiri zilivyofunika mchanga.

Sasa tujiulize, ni nani anayetembea humo kila bamvua? Ni akina mama. Wao ndio wanaochokoa pweza na kuokota kome, na wajua penye utepe na palipogeuka mchanga mtupu tangu walipokuwa wasichana. Hata hivyo, mkutano wa bahari ukiitishwa, huitwa wenye vyombo na nyavu. Mama hubakia jikoni akiwapikia wageni chai, na elimu yake haiingii karatasini.

Hasara ya jambo hili si ndogo. Ramani ndiyo hufunguliwa pale inapoamuliwa wapi pachimbwe, wapi pajengwe na wapi pahifadhiwe. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kuwa wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari. Kila adaiye haki kama hiyo huulizwa: kabla ya haya palikuwa na nini? Pasipoandikwa huhesabiwa hapakuwa na kitu, na aliyepotewa hana la kuonyesha.

Kwa hivyo twawausia mambo mawili. Wazee wa vijiji na kamati za fuo, wapimaji wanapokuja, waiteni akina mama, majina yao yaandikwe pamoja na maeneo wanayoyajua, na ramani ikikamilika irudishwe kijijini ikiwa kwa Kiswahili. Nanyi akina mama, tengeni daftari moja la mwanafunzi. Kila bamvua, mahali pale pale, mtoto aandike tarehe, sura ya majani, na hatua ngapi zimefunikwa. Mwaka ukipita mtakuwa na ushahidi ambao setilaiti haina.

Mwezi mwandamo ukifika, bamvua litakuwa limerejea. Kalamu na ziwe tayari.

Wabillahi tawfiq.