Kupunguza wanga si kuharamisha wali

Ijumaa ya leo napenda tuzungumze juu ya sahani zetu, hususan sisi wakazi wa Ikwiriri na bonde zima la Rufiji. Kwetu sisi mtu akisema hajala huwa ana maana kwamba hajala wali au ugali, hata kama ameshamaliza samaki mzima na bakuli la kisamvu.

Kilichonisukuma kuandika ni mzee mmoja wa msikitini kwetu, mtu ninayemheshimu, aliyenishika mkono baada ya sala ya Alasiri akaniuliza kwa sauti ambayo safu mbili za nyuma ziliisikia: "Sheikh, hivi ni kweli mnakusanyana kufundishana kuukataa wali? Mungu ameteremsha neema, ninyi mnaiwekea masharti?" Nilimjibu kwa ufupi siku ile, kwa kuwa watu walikuwa wanatusikiliza. Jibu refu nimelileta hapa.

Ni kweli kwamba tunakusanyana. Tuko kumi na wanne, wanawake tisa na wanaume watano, wengi wetu wagonjwa wa kisukari na wawili wenye uzito uliokithiri tu. Kila Jumamosi baada ya Alasiri tunakutana katika baraza ya nyumba ya bibi mmoja mjane. Tunapima uzito, tunapima sukari kwa kijimashine tulichochangiana, kisha kila mmoja anafunua bakuli alilokuja nalo na kueleza alivyopika.

Mimi mwenyewe niliambiwa nina kisukari mwaka 2018, baada ya miezi kadhaa ya nyayo kuwaka moto usiku na kiu isiyokatika. Daktari alinipa vidonge na kuniambia nipunguze wanga. Nilirudi nyumbani na azma ya mtu aliyetoka kusikia hotuba nzito. Azma ile ilidumu siku tisa. Siku ya kumi kulikuwa na hitma, nikaletewa sinia ya pilau, na mwenyeji wangu akaapa kwamba nisipokula nimemdharau. Nikala. Nilijaribu tena mwaka 2019 na tena mwaka 2021, na mara zote nilianguka kwa namna ileile: kwa soni ya kukataa mbele za watu, na kwa upweke wa kukaa na samaki wangu mkavu wakati nyumba nzima inakula wali wa nazi. Mtu anayesomesha watu habari za saumu na subira alishindwa na sahani. Nayasema haya bila kujificha, kwa sababu wenzangu wengi wenye vilemba wana hali hii hii na hawasemi.

Tutazame kwanza wanga wenyewe. Wanga wa wali, ugali, muhogo, mkate na ndizi, ukishafika tumboni, huvunjwa ukawa sukari na kuingia katika damu. Kongosho hutoa insulini ili sukari hiyo iingie katika seli za mwili. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, mwili umekuwa mzito kuitikia insulini, na sukari hubaki ikizunguka katika damu ikiharibu macho, figo, mishipa na miguu. Gramu 100 za wali uliopikwa zina takriban gramu 28 za wanga, na muhogo uliochemshwa unazidi hapo. Sahani yetu ya kawaida ya wali haipungui gramu 300. Daktari wa Kiingereza David Unwin, wa mji wa Southport, aliwatengenezea wagonjwa wake jedwali lenye picha, ambamo gramu 150 za wali zinapandisha sukari ya damu sawa na vijiko kumi vya chai vya sukari. Kwa hesabu hiyo sahani yetu moja ni vijiko ishirini, kabla hujateremshia na soda, ambayo chupa yake ya mililita 350 ina vijiko tisa hivi vya peke yake.

Jambo hili si uzushi wa jana. Mwaka 1863 mzika maiti mmoja wa London, William Banting, aliyekuwa mnene kiasi cha kushindwa kuinama kufunga viatu, alichapisha kijitabu kueleza alivyopungua kwa ushauri wa daktari wake, aliyemwachisha mkate, sukari, viazi na bia. Kabla ya insulini kugunduliwa mwaka 1921, kupunguza wanga ndiyo iliyokuwa dawa kubwa ya kisukari. Insulini ilipokuja, mlo ukasahaulika kidogo. Mwaka 2019 Chama cha Kisukari cha Marekani kilikiri rasmi kwamba, miongoni mwa namna zote za kula, kupunguza wanga ndiko kwenye ushahidi mwingi zaidi wa kushusha sukari ya damu. Hapa kwetu aliyelifikisha jambo hili hadi vijiweni ni Profesa Mohamed Janabi, daktari wa moyo aliyeongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na kisha Hospitali ya Taifa Muhimbili, na mwaka 2025 akachaguliwa kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika. Watu walimtania sana kwamba anataka Watanzania wafe na njaa. Alikuwa anasema yale ambayo wagonjwa wake walikuwa wanayalipia kwa mioyo yao.

Mzee wangu aliniambia pia kwamba babu zetu walikula wali na ugali maisha yao yote wala hawakuugua. Hapo ana hoja, tena hoja nzito. Daktari Donald McLarty na wenzake walipima watu wa vijiji vya Tanzania katika miaka ya 1980, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1989 yalionyesha kisukari hakifikii hata mtu mmoja katika mia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ukakuta takriban tisa katika mia ya watu wazima. Ndani ya kizazi kimoja tu! Wali haukubadilika, ila mlaji wake. Babu zetu walilima mpunga wa bondeni kwa jembe la mkono, wakalala kwenye dungu kuwinga ndege na nguruwe, na hata baada ya Operesheni Rufiji ya mwaka 1969 kuwahamishia watu huku juu, waliendelea kuteremka bondeni kwa miguu na kurudi. Sisi tunakwenda sokoni kwa bodaboda, tunarudi kukaa kwenye kiti cha plastiki, na sahani imebaki ile ya mkulima. Tena mkulima yule hakuwa na soda wala maandazi ya asubuhi yenye chai ya vijiko vinne.

Sasa nirudi barazani. Katika mlo huu kinachowashinda watu ni mapishi. Maelezo mengi yanayosambaa yanataka unga wa lozi, jibini na koliflawa, vitu ambavyo Ikwiriri hatuvioni. Mtu akiyasoma anadhani tiba hii ni ya matajiri wa Masaki. Ni wale akina mama tisa waliotufumbua macho. Mmoja alianza na kambale wa maziwa ya bondeni, akamkausha kwa moshi kidogo, kisha akampika kwa tui zito, nyanya chungu na ndimu, na kumpakulia juu ya majani ya maboga yaliyochemshwa badala ya wali. Mwingine anatwanga kisamvu pamoja na kitunguu saumu, anakiunga kwa tui na dagaa hadi kinakuwa kizito, nacho kinashibisha kiasi kwamba hakikumbushi ugali hata kidogo. Yuko aliyekata kabichi nyembamba kama tambi, akaikaanga kwa bizari nzima, iliki, mdalasini na vipande vya nyama, akaiita pilau. Tulicheka, lakini sufuria ilirudi tupu. Kamba wanaoletwa kwa njia ya Nyamisati wakipatikana tunawapika kwa bamia. Na samli na maziwa tunanunua kwa wafugaji waliohamia kwetu tangu mwaka 2006 na 2007, ambao tumegombana nao mno juu ya mashamba. Sikutarajia kwamba kisukari kingetufanya wateja wao.

Mapishi haya yalipoanza kuzunguka kutoka jiko moja hadi jingine, lililobadilika ni nyumba. Mke wangu hakuwa tena na ulazima wa kupika vyungu viwili, kwa sababu watoto walianza kugombea kisamvu changu. Na nilipoalikwa kwenye hitma nyingine, tulikuwa watatu wa baraza ile ile kwenye sinia moja, tukala nyama na kachumbari, tukaacha wali. Mwenyeji alituona watatu akanyamaza. Ningekuwa peke yangu angeapa. Huko Southport nako Daktari Unwin alikuwa akiwakusanya wagonjwa pamoja, na takriban nusu ya waliochagua njia hii waliweza kuwa na sukari ya kawaida bila dawa. Ni kweli kwamba waliochagua wenyewe walikuwa na hamu kuliko wengine, kwa hiyo tusiyachukue matokeo yao kama ahadi kwa kila mtu. Majaribio mengi yanaonyesha faida kubwa katika miezi sita ya kwanza, kisha hupungua kadiri watu wanavyorudi kwenye sahani zao za zamani. Mtu hurudi akiwa peke yake.

Ila kikundi nacho kina hatari yake, na hili lilitupata. Ndugu yetu mmoja, mkulima, alijiunga kwa bidii kubwa, akaacha ugali siku hiyo hiyo, lakini akaendelea kumeza vidonge vyake vya kisukari kwa kipimo kile kile. Siku ya nne alianguka njiani akienda shambani, akitokwa jasho na kusema maneno yasiyoeleweka. Sukari ilikuwa imeshuka mno. Aliokolewa na kijana wa bodaboda aliyemnywesha soda, soda ile ile tuliyokuwa tukiilaani barazani. Kosa lilikuwa letu sote, mimi nikiwa wa kwanza, kwani tulimpa mapishi bila kumuuliza anatumia dawa gani. Vidonge kama glibenklamaidi, na insulini pia, vinaendelea kushusha sukari hata kama hukula wanga, hivyo ni lazima daktari apunguze kipimo kabla ya mtu kubadili mlo. Tangu siku ile hakuna anayepokewa barazani mpaka alete kadi yake ya kliniki na athibitishe kwamba ameshazungumza na mganga wake. Mjamzito, mwenye maradhi ya figo, na mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza hatuwapi ushauri wowote, tunawarudisha hospitali. Na anayesema kwamba dawa za hospitali ni sumu na kisamvu kinatosha, huyo tumeshamtoa mmoja, na tutamtoa mwingine akija.

Tukija kwenye suala la neema, mzee wangu amechanganya mambo mawili. Kuharamisha alichohalalisha Allah ni dhambi, na mwanzo wa Suratut Tahrim umelizungumza hilo waziwazi. Lakini mgonjwa kukiacha chakula kwa ajili ya tiba si kukiharamisha, kama ambavyo mwenye kidonda kuacha kuogelea hakumaanishi kwamba maji ni najisi. Aya ya 31 ya Suratul A'raf, inayotuamrisha kula na kunywa, imetukataza hapo hapo kupita kiasi, na mafundisho ya Mtume (S.A.W.) ya kuligawa tumbo mafungu matatu, chakula, maji na pumzi, kila mmoja wetu ameyasikia tangu chuoni. Mimi nimeyafundisha kwa miaka mingi huku fungu la chakula likiwa limeyameza mafungu mengine mawili.

Jambo linaloniuma zaidi ni Ramadhani. Tunafunga mchana kutwa, kisha tunafuturu kwa uji wa mchele, mihogo ya nazi, magimbi, viazi vitamu, tambi za sukari na kalimati, vyote katika sinia moja. Kisha tunashangaa kwamba mwezi wa kupumzisha mwili unatutoa na sukari iliyopanda. Nawaomba wanakamati wa misikiti ya Ikwiriri, Kibiti, Utete na kwingineko: katika futari ya pamoja na katika hitma, wekeni angalau chungu kimoja cha samaki au nyama na mboga ambacho mgonjwa anaweza kula bila kuomba radhi. Gharama yake ni ndogo mkipunguza kilo chache za mchele.

Na hapa lipo tatizo ambalo sina jibu lake kamili. Mafuriko ya mwaka 2024 yalipofagia mashamba ya Rufiji na Kibiti, aliyepoteza kila kitu hakuwa na nafasi ya kuchagua wanga upi; alikula unga aliopewa akashukuru. Wapo wajane wenye kisukari ambao ugali ndio chakula pekee wanachoweza kukimudu, nao kuwaambia waache ni dhihaka. Kwa hao nasema nao tofauti: nusu ya bonge la zamani, mboga ya majani maradufu, kunde au dagaa juu yake, na chai isiyo na sukari. Hata hivyo ningependa wenye uwezo wabadili sadaka zao. Kila mwaka tunagawa mchele, unga na sukari, mifuko kwa mifuko. Mwaka huu baraza yetu imekubaliana kuchangia dagaa, mayai na mafuta kwa nyumba sita ambazo tunazijua.

Mzee wangu sijamshawishi. Jumamosi iliyopita alipita barazani, akaonja kambale wa tui, akasema kinachokosekana ni wali tu. Kisha akakaa chini, akanyoosha kidole, akaomba tumpime. Kilichosomeka kwenye kijimashine nimeachia yeye na daktari wake. Miadi yake ni Jumatatu, nami nitamsindikiza.