Doa la kahawia halifunikwi na rangi ya maji

Ndugu mwandishi, umeeleza vizuri jinsi ya kupaka rangi dari ya jipsamu, ila umepita haraka mno kwenye madoa ya kahawia. Doa la maji kwenye jipsamu halifunikwi na rangi ya maji hata upake mikono minne. Majimaji ya rangi hulilainisha na kulivuta juu upya. Kwanza bati linalovuja lizibwe, bodi iachwe ikauke kabisa, kisha doa lenyewe lipakwe prima ya mafuta. Hapo ndipo rangi ya maji itakaa.

Jambo jingine ni saa ya kazi. Kwa sisi tunaoishi Dar kwenye nyumba za bati, ikifika saa sita mchana dari inakuwa ya moto, na rangi inakauka kabla hujarudi na rola kuunganisha mkanda mmoja na wa pili. Ndiyo ile mistari inayojitokeza taa ikiwashwa. Anza asubuhi mapema, zungushia kingo kwa brashi upana wa vidole vinne, halafu shika rola papo hapo kingo zikiwa bado mbichi. Feni izime (na uzime umeme kabisa kama unafungua kile kikombe chake cha juu).

Rola ifunge kwenye mti mrefu, usimame chini. Kupanda na kushuka stuli ndiko kunakoumiza watu viuno. Na tafadhali, muuzaji asikupe rangi ya kung'aa kwa ajili ya dari. Inaanika kila kiungo cha bodi na kila kichwa cha skrubu.